Mtapo, mkindu au kangaga? Mwongozo wa kuzitambua sikadi kuanzia ukuti hadi koni

Nilipojenga nyumba yangu Tanga nilitaka lango liwe kama la bibi: mtapo upande huu, mtapo upande ule. Nikaenda kwa muuza miche wa barabarani, akanionyesha miche miwili ya kuvutia. “Huu ndio mtapo wenyewe, kaka. Wa asili ya hapa hapa.” Nikalipa bila hata kuomba punguzo. Miaka mitatu baadaye makuti yalikuwa bado mafupi kama mkono wangu, magumu, yenye ncha za kuchoma, na kingo zake zimejikunja kwa chini. Mitapo ya bibi makuti yake yalikuwa yanampita mtu mzima kimo, bapa, na ukipita chini yake yanakupapasa tu. Nilichonunua kilikuwa Cycas revoluta, mmea wa visiwa vya kusini mwa Japani ambao siku hizi umejaa mbele ya mahoteli na benki. Sidhani kama yule bwana alinidanganya kwa kusudi. Naye alikuwa ameuziwa hivyo hivyo.

Tangu hapo nimejifunza kuzitazama sikadi, kundi la mimea ambamo mtapo na ule wa Kijapani wote wamo, na kosa langu la mwanzo nimeona ni la watu wengi: tunatazama kichwa cha mmea, ule mwavuli wa makuti, na mwavuli ndio unaodanganya. Sikadi inajulikana kwa ukuti wake mmoja. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, hatua kwa hatua, kwa mtu aliyesimama mbele ya mmea bila kifaa chochote zaidi ya macho na simu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema *kuti* nina maana ya jani zima refu, kama kuti la mnazi. *Ukuti* ni kile kijani kimoja chembamba kinachotoka ubavuni mwa kuti. *Upongoo* ni ule mti wa katikati unaoshika kuti lote. Na *chelewa* mnaijua: ni ule uti wa ukuti unaochunwa kutengenezea ufagio. Kaa nayo karibu hiyo chelewa, maana ndiyo itakayotufanyia kazi kubwa kuliko zote.

Tunazungumzia mimea gani hasa

Sikadi huzaa mbegu lakini hazina maua wala matunda ya kweli. Zina koni, kama misonobari. Duniani zipo spishi zipatazo 375, zimegawanyika katika jenasi 10 na familia 2. Familia ya kwanza, Cycadaceae, ina jenasi moja tu, Cycas, yenye spishi 120 hivi. Jenasi tisa zilizobaki zimo katika Zamiaceae.

Mtu akikuambia sikadi ni mimea ya enzi za dinosaria, amesema nusu ya kweli. Ukoo wao ni wa zamani mno. Mabaki yake katika miamba yanafika miaka milioni 280 hivi. Lakini spishi tunazoziona leo nyingi ni changa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyingi zilianza kutawanyika takriban miaka milioni 12 iliyopita. Ndiyo maana spishi mbili za vilima jirani zinaweza kufanana kama ndugu wa tumbo moja. Ni ndugu kweli, na waliachana juzi.

Hatua ya 1: Ondoa wanaofanana nazo

Usianze kutafuta jina la spishi kabla hujahakikisha kwamba hiyo ni sikadi. Pwani yetu ina mimea mitatu inayochanganya.

Wa kwanza ni mkindu. Huu ni wa jamii ya minazi, na unachanganya kwa sababu sehemu ya chini ya kuti lake ina miiba, na mitapo mingine nayo ina miiba sehemu hiyo hiyo. Tazama ukuti ulivyoungana na upongoo. Ukuti wa mkindu umekunjwa kama karatasi iliyokunjwa katikati, mfereji ukitazama juu, na kingo zake ni laini kabisa. Miiba yake ya chini ni mirefu na membamba kama sindano za magunia. Kwenye sikadi zenye miiba, ukuti hupungua taratibu kadiri unavyoteremka: mrefu, mfupi, mfupi zaidi, hadi unabaki mwiba mnene. Ukipitisha jicho toka juu hadi chini unaona ngazi hiyo waziwazi.

Halafu shina. Mnazi unapoangusha kuti huacha alama ya pete. Sikadi nyingi hubaki na vikonyo vya makuti ya zamani vimeshikamana na shina, vimepangwa kama magamba ya nanasi. Tena mnazi hutoa kuti moja, halafu jingine, mwaka mzima. Sikadi hukaa kimya miezi mingi, kisha siku moja unakuta makuti mapya kumi au ishirini yameibuka pamoja, yote ya umri mmoja.

Wa pili ni kangaga, kile Waingereza wanachokiita fern. Kangaga changa hujiviringisha lote kama mkia wa kinyonga, na ukigeuza jani lililokomaa utaona vidoti vya kahawia upande wa chini, ambamo mna viini vya kuzalia. Sikadi haina vidoti hivyo kamwe. Usijione mjinga ukikosea hapa. Stangeria, sikadi ya KwaZulu-Natal, Eastern Cape na kusini mwa Msumbiji, wataalamu wenyewe waliipa jina mwaka 1839 wakiidhani kangaga, na ukweli ulijulikana ilipozaa koni.

Wa tatu umo sebuleni kwako. Ule mmea wa chungu wenye majani mazito yanayong’aa, unaostahimili giza na kusahauliwa maji, Zamioculcas, jina lake limetokana na kufanana na Zamia, sikadi ya Amerika. Lakini ni jamaa wa magimbi. Kwao ni huku huku Afrika Mashariki, na siku hizi tunauziwa kwa bei ya mgeni. Mabua yake ni mororo, yamejaa maji, na hauna shina la juu ya ardhi wala koni.

Hatua ya 2: Uelekeze ukuti kwenye jua

Hii ndiyo hatua niliyoiruka nilipokuwa nanunua. Shika ukuti mmoja uliokomaa, bila kuuchuma, uinamishe hadi jua liwe nyuma yake. Kama ni mawingu, washa tochi ya simu kwa chini.

Ukiona mstari mmoja mnene katikati, kutoka mwanzo hadi ncha, na pembeni hakuna kitu, hiyo ni Cycas. Ina chelewa. Ukipitisha ukucha unaugusa uti huo, umejitokeza, na kinadharia ungeweza kutengeneza ufagio, ingawa ungekuwa ufagio mbaya.

Ukiona mistari mingi myembamba inayokwenda sambamba, kama nyuzi za kitambaa, na hakuna wa katikati unaozidi wenzake, umo katika Zamiaceae. Kwa bara la Afrika hiyo karibu kila mara ni Encephalartos. Haina chelewa.

Ukiona uti wa katikati na kutoka kwake mishipa ya pembeni inayogawanyika kama ya jani la mwembe, hiyo ni Stangeria.

Basi. Kwa dakika moja umetenganisha familia mbili zilizoachana mamilioni ya miaka kabla ya mlima Kilimanjaro kuwapo. Na hapa ndipo jina letu la pwani linapotuponza, kwani nilikokulia mimi *mtapo* ni Cycas thouarsii yenye chelewa na pia ni Encephalartos hildebrandtii isiyo nayo. Mtu mmoja akisema mtapo hauna miiba na mwingine akaapa kwamba umemchana mkono, wote wawili wamesema kweli.

Hatua ya 3: Kingo, kitako na kikonyo

Ukishajua kama kuna chelewa, pitisha kidole ukingoni mwa ukuti. Taratibu.

Cycas thouarsii ina ukingo laini. Ukuti ni bapa, mwembamba, urefu wa sentimita 20 hadi 35, na kuti zima linaweza kupita mita 2. Ya Kijapani, Cycas revoluta, nayo haina meno, lakini kingo zimejiviringisha kwa chini. Neno *revoluta* lenyewe lina maana hiyo. Geuza ukuti ugongane na kidole gumba: ukihisi mfereji pande zote mbili za chelewa, umeuziwa ya Japani.

Encephalartos hildebrandtii ukingo wake una meno makali machache, na ukuti ni mpana, upana wa vidole viwili hivi. Chini kabisa ya kuti zile nyuti (ndio wingi wangu wa *ukuti*; sarufi inataka tuseme *kuti zile*, lakini nani ataelewa?) zimepungua hadi kuwa miiba karibu na shina. Makuti machanga yanatoka yakiwa na manyoya meupe kama pamba, na manyoya hayo hupukutika yanapokomaa. Ukiona mtapo uliovaa ukungu mweupe kichwani baada ya mvua za masika, usidhani ni ugonjwa.

Ukiwa katika bustani kubwa ya mimea, au unatazama picha za nje, kitako cha ukuti kitakusaidia zaidi ya ukingo. Macrozamia za Australia zina kovu dogo la rangi, jeupe au jekundu, pale ukuti unaposhika upongoo. Zamia za Amerika zina kiungo pale pale, kwa hiyo ukuti uliozeeka hudondoka wenyewe na kuacha upongoo uchi. Dioon za Meksiko na Honduras ukuti wao hauna kikonyo chochote. Umeshikwa kwa upana wake wote, kama meno ya msumeno. Bowenia ya Australia ni rahisi kuitambua: kuti limegawanyika mara mbili, yaani upongoo una matawi na matawi ndiyo yenye majani. Sikadi nyingine karibu zote zimegawanyika mara moja tu, isipokuwa Cycas chache za Asia.

Lepidozamia, pia ya Australia, ina spishi mbili, na mojawapo, L. hopei, ndiyo sikadi ndefu kuliko zote. Hupita mita 15. Microcycas ina spishi moja, iko Cuba tu, na jina lake linaloashiria udogo ni mzaha usiokusudiwa, maana ni mti wa mita kadhaa. Ceratozamia tutaikuta kwenye koni.

Hatua ya 4: Tazama moyo wa mmea

Panda juu ya jiwe au inua simu juu ya kichwa cha mmea, piga picha ya katikati. Bahati ikiwa nzuri utakuta makuti yanachipuka.

Cycas inachipua kwa namna usiyoweza kuisahau: upongoo umesimama wima, umenyooka, lakini kila ukuti pembeni umejiviringisha peke yake, kama mamia ya mikia ya vinyonga wadogo iliyopangwa kwenye fimbo. Kangaga lingejiviringisha lote, fimbo na vyote. Encephalartos haina hiyo mikia. Majani yake yanatoka yamenyooka, yamebanana kama kurasa za kitabu, kisha yanafunguka.

Usiguse wakati huo. Makuti yakiwa changa ni mororo kama mchicha, na yakivunjika hayapati nafasi nyingine hadi mchipuo ujao, ambao unaweza kuwa mwaka mzima mbele.

Ukiwa hapo inama kidogo, tazama udongo chini ya shina. Mara nyingine utaona vifundo vidogo vya mizizi vimechomoza juu, vimegawanyika na kubanana kama matumbawe. Ndani yake wanaishi bakteria wa kijani-buluu wanaochukua naitrojeni hewani na kuilisha sikadi. Ndiyo siri ya mimea hii kustawi juu ya mawe matupu. Nimewahi kumkuta mtunza bustani akiing’oa mizizi hiyo akidhani ni uvimbe wa minyoo. Iacheni.

Hatua ya 5: Koni, na swali la dume au jike

Kila sikadi ni dume au jike, na hakuna anayeweza kukuambia kwa macho ipi ni ipi kabla haijazaa. Anayesema anajua kwa kutazama umbo la makuti anabahatisha. Hiyo subira ni ya miaka mingi.

Koni za dume ni nyembamba, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, na zikikomaa hufunguka na kumwaga chavua ya manjano. Weka karatasi nyeupe chini, gonga kidogo, utaiona. Koni za jike ni nene, nzito, zimefungana kama ngumi. Za Encephalartos hildebrandtii ni za manjano na zinafika nusu mita. Zinapoiva zinaachana vipande vipande na ndani zinatoka mbegu nyekundu zinazong’aa.

Kwa Cycas jike hakuna koni. Hili ndilo tofauti kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko chelewa, ila inabidi usubiri uione. Juu ya kichwa cha mmea kunatokea duara la vijani vya kahawia vyenye manyoya, kila kimoja kimebeba mayai machache ubavuni kama vifaranga pembeni mwa mama. Yakishakuwa mbegu, mmea unaendelea kutoa makuti mapya katikati ya duara lile lile. Jike la Cycas unaweza kulikuta limevaa mkufu wa mbegu za mwaka jana shingoni na makuti ya mwaka huu kichwani.

Kwenye jenasi nyingine tazama gamba moja la koni. Ceratozamia ina pembe mbili kwenye kila gamba, na jina lake limetokana na pembe hizo. Magamba ya Zamia yana pande sita, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama mahindi. Macrozamia ina mwiba mmoja uliosimama mwisho wa gamba. Koni ya jike ya Dioon ina magamba mapana yenye sufi, yaliyolaliana kama vigae.

Uchavushaji wake si kazi ya upepo peke yake kama vitabu vya zamani vilivyodai. Koni ikiwa tayari hupata joto kuliko hewa inayoizunguka na kutoa harufu, na fukusi wadogo hujaa. Weka sikio karibu na koni ya dume siku hiyo. Utasikia.

Onyo moja hapa, na ninalisema kwa uzito. Mbegu na shina la sikadi vina sumu. Unga wa shina uliliwa zamani za njaa, lakini na watu waliojua kuuloweka na kuuchachua kwa siku nyingi. Jina Encephalartos lenyewe, lililotolewa na mwanabotania Lehmann mwaka 1834, ni la Kigiriki, maana yake mkate ulio ndani ya kichwa. Mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, Jan Smuts, kamanda wa Makaburu, na wapiganaji wake walikula mbegu za sikadi wakiwa na njaa katika milima ya Zuurberg, wakagaragara kwa maumivu, Smuts mwenyewe karibu aage dunia. Mbegu nyekundu humvutia mtoto. Mbwa akitafuna ya Kijapani, ini lake linaharibika. Ukiwa na watoto au mbwa, koni ya jike ikianza kuachana, okota mbegu zote.

Hatua ya 6: Uliza uko wapi

Kama mmea ni wa porini, mahali uliposimama panakupa nusu ya jibu, kwa sababu sikadi nyingi za Afrika zimefungwa kwenye kilima kimoja au safu moja ya milima. Encephalartos zipo spishi 65 hivi, zote za Afrika tu. Cycas kwa bara letu ni moja, thouarsii, ambayo iko pia Madagaska na Komoro.

Ukiwa karibu na bahari, kuanzia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania, kwenye misitu ya mwambao, ikiwemo ile ya kaya za Wamijikenda na Shimba Hills, Encephalartos unayoiona ni hildebrandtii mpaka ithibitike vinginevyo. Jina ni la Mjerumani Johann Maria Hildebrandt aliyekusanya mimea pwani hii. Ilielezwa kisayansi mwaka 1874. Ukipanda kutoka Voi hadi vilima vya Maungu, Taita Taveta, jihadhari: hapo kuna kisambo, Encephalartos kisambo, na hilo ni mojawapo ya majina machache ya kisayansi yaliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kinywani mwa wenyeji. Kaskazini ya Kenya, Ololokwe na safu ya Mathews, ni tegulaneus. Kwenye vilima vikavu vya mawe vya kaskazini mwa Tanzania ni bubalinus, yenye shina fupi.

Usambara kuna sclavoi, ambayo kingo za ukuti wake zimepinda kuelekea chini. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni hildebrandtii iliyokosa maji. Mlima Kanga, Morogoro, una yake inayoitwa kanga, iliyopewa jina karne hii hii.

Uganda ni nchi ambayo watu hawaitazamii. Korongo la mto Mpanga, karibu na Ziwa George, lina whitelockii kwa maelfu, zimening’inia kwenye kuta za korongo, makuti yanapita mita 3. Ilielezwa mwaka 1995 tu. Mwaka huo huo ikaelezwa equatorialis, kutoka vilima vya mwambao wa Ziwa Victoria. Kaskazini mwa nchi kuna septentrionalis na macrostrobilus.

Kongo ina aina mbili za tabia. Ituri kuna ituriensis juu ya miamba mikubwa ya mawe, na mto Kwango, mpakani na Angola, kuna laurentianus, yenye shina refu kuliko Encephalartos zote, ila limelala chini. Upande mwingine kuna zile za nyika zinazoungua kila mwaka, kama marunguensis ya nyanda za Marungu karibu na Ziwa Tanganyika, ambayo shina lake liko chini ya ardhi. Moto unapita juu, makuti yanaungua, mmea unachipua tena. Ukikuta sikadi isiyo na shina la kuonekana, usiseme ni mche. Inaweza kuwa na umri kukuzidi.

Hatua ya 7: Andika, piga picha, using’oe

Picha tano zinatosha mtaalamu kukupa jibu: mmea mzima na mtu pembeni kwa kipimo, kuti zima juu na chini, ukuti mmoja kwenye jua, miiba ya chini ya kuti, na koni au moyo wa mmea. Andika mwinuko kutoka usawa wa bahari na aina ya udongo. Ukituma picha ya mwavuli pekee utajibiwa “sikadi”, basi.

Mahali penyewe usipataje hadharani. Zima utambulisho wa mahali kwenye simu kabla ya kurusha picha ya sikadi ya porini mitandaoni. Nchini Afrika Kusini wezi wamefuata picha za namna hiyo hadi kwenye mmea. Encephalartos zote ziko katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya mimea ya porini imepigwa marufuku. Cycas thouarsii iko Kiambatisho cha II.

Sababu ya ukali huo inaonekana kwa Encephalartos woodii. Mwanabotania John Medley Wood aliikuta mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, KwaZulu-Natal. Ilikuwa dume moja. Tangu hapo hakuna jike lililopatikana popote, hata leo ambapo vyombo visivyo na rubani vimetumwa kupiga picha msitu huo toka juu. Kila woodii iliyopo duniani, pamoja na ile iliyofikishwa bustani ya Kew, London, mwaka 1899, ni chipukizi la dume lile lile.

Hatua ya 8: Ukinunua, na ukiotesha

Kwa muuza miche uliza maswali mawili tu. Umeotesha mwenyewe kwa mbegu? Naomba nione mama yake? Mche wa mbegu una shina dogo la mviringo na mizizi kamili. Uliong’olewa porini una shina kubwa, makuti yamekatwa, na mizizi imechongwa kwa panga. Geuza pia makuti utazame chini: ukiona vidoti vyeupe kama unga ulioganda, hao ni wadudu gamba kutoka Asia ambao wameua Cycas nyingi katika kisiwa cha Guam na wamekwishafika Afrika Kusini. Usiupeleke mche huo nyumbani hata ukipewa bure.

Mbegu za Encephalartos vaa glavu, vua nyama ya nje, osha, kisha uziweke mahali pakavu penye kivuli kwa miezi sita hivi, maana kiini chake bado hakijakomaa inapodondoka. Baada ya hapo zitumbukize majini. Zilizozama panda kwa kuzilaza kwenye mchanga, nusu nje nusu ndani. Zilizoelea kwa kawaida ni tupu.

Kwa kawaida. Mitapo ya bibi, ile ya langoni, ilikuwa mmoja dume na mwingine jike, na mwaka mmoja nilikwenda kuchukua mbegu ili nifute aibu ya miche yangu ya Japani. Nikazimenya, nikazitia beseni, zote zikaelea. Nikazibeba kwenda kuzimwaga jalalani. Shangazi akanikuta njiani, akacheka. Cycas thouarsii mbegu yake ina tabaka la sifongo ndani. Inaelea kwa sababu imeumbwa kuelea, na ndivyo ilivyovuka bahari kati ya Komoro, Madagaska na pwani hii. Tuliziokota zote, kumi na tisa. Kumi na moja ziliota.